Ufito Uliopungua Upana wa Kucha

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mashavu. Vidole vya mpigaji vilipopanda shingo ya gitaa na kufika kwenye chuma cha kumi na mbili kati ya vile vilivyopigiliwa shingoni, shavu la kushoto la kila aliyekuwa ukumbini lilishtuka mara moja, kama ngozi ya ng'ombe inavyomkataa nzi. Halafu likatulia. Hakuna aliyejua kwamba shavu lake limefanya hivyo. Midomo yao ilikuwa ikitabasamu. Mtu mwenye haya hatazami macho ya watu. Hutazama vifungo, vidole, mikunjo ya shingo, mashavu. Ndiyo maana niliona mimi na si mwingine. Mdomo ulisema tamu, shavu likasema hapana, na tangu siku hiyo sikuiamini tena midomo ya mji huu.

Mji wetu hauna jina kwa sababu hakuna mji mwingine wa kuutofautisha nao. Jua lake limekwama saa kumi ya alasiri. Watu huzaliwa alasiri, huoana alasiri, huzikwa alasiri, na vivuli vyao havijawahi kurefuka wala kufupika. Muda tunausoma zaidi kwa magitaa. Ukimkuta mtu ana magitaa mawili ukutani, huyo bado kijana. Ukimkuta ana thelathini, mpishe njia. Mimi nina moja. Kwa hesabu hiyo sijazaliwa vizuri.

Kila mtu hapa ana kazi yake ya kumlisha. Yangu ni kuosha chupa. Kazi ikiisha, kila mtu hurudi nyumbani, hufagia kona yake, na kuunda gitaa kwa mikono, polepole, kwa kujifurahisha. Hatuliuzi, wala hatuimbi nalo. Tunaunda kwa sababu inaburudisha, na kuburudika ni amri. Mtu akionekana ameketi mlangoni bila ubao mapajani, majirani humjia na kumwuliza: wewe, mbona hujifurahishi? Wakimwuliza mara ya tatu, huwa hawaulizi tena kwa mdomo.

Sitasema uongo, niliipenda kazi ile. Niliupenda ubao wa mbele ulipokuwa bado mzito na mkaidi. Unaushika kwa vidole viwili pembeni, unaugonga katikati kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Mwanzo unajibu kama meza. Unaupiga randa, unagonga. Unaupiga randa tena, unagonga, na unyoya wa mbao unaanguka miguuni, hadi siku moja ubao unaacha kujibu kama meza na kuanza kujibu kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa chumba cha pili. Hapo unaacha. Ukiendelea kidogo tu, ubao unakuwa mwembamba mno na nyuzi zitauzamisha. Niliwahi kujiuliza kama binadamu naye ana unene wake wa haki, na ni nani anayetugonga, na anajuaje pa kuachia. Mji huu umenipiga randa tangu nikiwa na miaka tisa. Sijui kama aliyeshika randa alikuwa akisikiliza.

Mbavu za gitaa huloweshwa maji na kupindwa juu ya bomba lenye moto ndani. Ukiwa na haraka, zinavunjika. Ukiogopa moto, zinarudi kunyooka. Hayo yote mtu anaweza kujifunza peke yake. Kitu kimoja tu hatujifunzi. Tunapewa. Ni Ufito.

Ufito ni kijiti cha mninga chenye urefu wa nyuzi za gitaa, na pembeni mwake kuna mikato inayoonyesha pa kupigilia vyuma vya shingoni. Ncha moja hukaa juu, shingo inapokutana na kichwa. Ncha ya pili huonyesha tumboni pa kubandika daraja, kile kibao kinachozishika nyuzi. Ufito uko mmoja, na umetundikwa kwenye ukuta wa ukumbi. Mwenye ruhusa ya kuushika ni mmoja, Baba Asukile, Mshika-Ufito, mwanamume mwenye tumbo la kupendeza na mikono inayonukia gundi ya ngozi. Shingo anakuchorea mwanzo, na baadaye unampelekea gitaa lako likiwa bado halina daraja, anaulaza Ufito juu yake, anachora mstari, unasema ahsante baba. Gitaa lisilokubaliana na Ufito hukatwa kwa msumeno katikati ya tumbo, na aliyeliunda hutolewa nje kwa Mlango wa Chumvi, nusu moja kwapa hili, nusu nyingine kwapa lile. Nje ya mlango kuna uwanda mweupe. Sijawahi kumwona mtu akirudi kutoka huko, hata kuja kuchukua kofia.

Gitaa langu nililibandika daraja mwenyewe.

Niliacha shule darasa la nne, kabla hatujafundishwa kugawa namba zisizogawanyika. Lakini uzi wa cherehani sikuhitaji kufundishwa. Niliunyoosha kutoka juu ya shingo hadi kwenye chuma cha kumi na mbili, nikaurudia urefu uleule kuelekea tumboni, na pale ulipoishia nikapaka gundi. Nilipoweka nyuzi na kupiga, uzi mtupu na uzi uliobanwa katikati ziliitikiana kama mtu na mwangwi wake. Nililia kidogo. Halafu nikaogopa, maana nilijua sauti hiyo hakuna gitaa lingine mjini linaloitoa.

Siku ya Kupimwa ilikuwa alasiri, kama nyingine zote. Ukumbi ulijaa. Baba Asukile alipokea gitaa langu, akaligeuza, akaliona daraja lililokwisha kubandikwa, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Hilo nililiona pia.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, binti. Nani alikubandikia?"

"Mimi."

"Sikusikia."

"Mimi, baba."

"Kwa kipimo gani?"

Nilitoa uzi mfukoni. Ukumbi ulicheka. Aliyecheka kwa nguvu kuliko wote ni Atupele, jirani yangu, fundi wa nguo, mwenye magitaa kumi na tisa ukutani na ulimi unaotangulia kufika kila anapokwenda.

"Uzi!" alisema. "Jamani, uzi! Mimi nimeshona tangu sijaota magego. Uzi unavutika, unanywea, ukiulowesha mate unabadilika. Na huyu mwenzetu kaujengea gitaa."

"Ndiye nani huyu?" mtu aliuliza nyuma.

"Si yule wa chupa?"

"Ana sauti kumbe?"

"Basi akapime chupa zake."

Baba Asukile aliinua kidole, wakanyamaza. Akalipiga gitaa langu. Akapanda kutoka chini hadi juu, chuma kwa chuma, taratibu. Nilitazama mashavu. Hakuna hata moja lililoshtuka. Yalitulia kama maji kwenye beseni. Lakini midomo, safari hii, ilikunjamana. Wengine waliziba masikio, na mwanamke mmoja alitema mate kwenye kanga yake.

"Chungu," walisema. "Linachubua." "Mzimeni huyo."

Nilisema, nikiitazama sakafu, kwamba nikiukunja uzi wangu katikati, mkunjo unaangukia juu ya chuma cha kumi na mbili, na kwamba kwenye magitaa yao haufiki. Nilimwomba Baba Asukile aniruhusu nionyeshe kwenye gitaa lake. Aliniruhusu. Nadhani aliniruhusu kwa sababu alijua haitasaidia kitu. Nilipima, nikakunja, na mkunjo ukaangukia kabla ya chuma, nusu ya kucha. Walio karibu waliona. Waliutazama uzi, wakautazama mkunjo, wakanitazama mimi, na nikaona jinsi chuki inavyozaliwa: haizaliwi mtu asipokuelewa, huzaliwa sekunde ile anapoanza kukuelewa.

"Unavutika," Atupele alirudia, sasa bila kucheka.

"Masikio mia nne yamesema chungu," Baba Asukile alisema. "Uzi mmoja unasema tamu. Tumfuate nani?"

Kitu kikipotoka pamoja na watu wote, kimepotoka kutoka wapi? Hilo ndilo swali langu, na nimelala nalo na kuamka nalo. Mji mzima ukisogea hatua moja kushoto, pamoja na nyumba, visima na makaburi yake, aliyebaki amesimama ndiye anayeonekana amekwenda kulia. Atasema sikusogea. Watamwuliza, basi mbona uko mbali? Na kweli yuko mbali. Nani atatoa ushahidi, nchi? Nchi haisemi. Ufito unasema, na Ufito umesogea nao. Kwa hiyo ukweli ni nini, kama si kitu kinachosogea pamoja na wengi? Lakini shavu. Shavu halikusogea. Ndani ya kila mmoja wao kuna kipande cha nyama kidogo kuliko sarafu ambacho bado kinakumbuka, na wao hawakijui, na wangekijua wangekikata.

Desturi inamtaka Mshika-Ufito amsikilize mshitakiwa peke yake katika chumba cha gundi kabla ya msumeno. Aliufungua mlango, nikaingia. Nilipoingia nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Alipoufunga nilikuwa na miaka tisa.

Chungu kilikuwa palepale juu ya mafiga. Harufu ya ngozi inayochemka ilikuwa ileile. Nilikuwa nimechuchumaa na gauni langu la shule, kwa sababu mjomba Ambokile, aliyekuwa akinilea, alikuwa nje barazani akizungumza na wenzake, na mtu mmoja mkubwa alikuwa amenipitia akaniambia, wewe mtoto, angalia huo moto usizime, gundi ikiganda nakuchapa. Moto ulikuwa unazima. Nilitafuta kijiti cha kuchochea. Mlango wa ukumbini ulikuwa wazi, na ukutani kulikuwa na kijiti. Kwangu kilikuwa kijiti. Nilikichukua, nikachochea, moto ukawaka, nikafurahi kuona umewaka. Nilipokitoa, ncha yake, ile ya daraja, ilikuwa nyekundu, halafu nyeusi. Niliikwangua kwa kucha, nikaifuta kwa pindo la gauni, nikakirudisha kwenye msumari wake. Kilikuwa kimepungua upana wa kucha ya kidole gumba. Ningemwambia nani? Nilikuwa mtoto ambaye hata akiombwa jina lake hutazama vidole vyake vya miguu.

Gitaa la kwanza kupimwa baada ya hapo lilikuwa la mjomba. Alilipiga mara moja tu, akaliweka chini. "Linadanganya," alisema. Wakamwambia sikio lako limeoza. Akasema hapana, ni Ufito, kuna kitu kimeupata Ufito. Wakanyamaza kwa namna ambayo mtoto anaijua hata kama haelewi maneno. Ndipo mjomba akanigeukia mimi, mbele ya wote, kwa sababu alikuwa amenifundisha kugonga mbao na alijua nina sikio.

"Sekela, mwanangu, wewe unasikia?"

"Sisikii kitu," nilisema.

Walileta msumeno. Shule niliacha mwezi ule. Hapakuwa na mtu wa kunipeleka. Na magitaa ya mji yakaanza kupimwa kwa Ufito uliopungua, moja baada ya jingine. Watu walikunja uso mwanzo, kisha wakazoea, kisha wakapenda, kisha wakasahau kwamba waliwahi kuzoea. Kidole changu kimoja kilichotaka moto usizime kimeyapinda masikio mia nne. Watu wanauliza nguvu inatoka wapi. Wanadhani inatoka juu.

Humo chumbani, Baba Asukile hakulipiga tena gitaa langu. Aliliweka juu ya benchi kwa upole, akachukua kigoda, akaketi kama mtu aliyefika kwake.

"Uzi wako umesema kweli," alisema.

Niliukunja uzi, nikaurudisha mfukoni.

"Mimi siku ile niliona mkaa kwenye ncha. Nilikuja mapema kuchora gitaa la Ambokile. Nikaona. Nikachukua msasa, nikaipiga ncha ikawa safi. Halafu nikachora."

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Ningesema nini? Kwamba Ufito unaungua kama kuni nyingine? Binti, watu wale siku wakijua Ufito unaungua, kesho yake watausongea ugali. Na keshokutwa kila mmoja atakuwa na uzi wake mfukoni. Mji hauwezi kuishi na nyuzi mia mbili."

"Mjomba alikuwa anasikia sawasawa."

"Sana. Kuliko mimi." Alisema hivyo kama anayesifia chakula cha mtu aliyekwisha kufa. "Na wewe ulikuwa na masizi puani, Sekela. Nilikuona. Kwenye pua hapa. Wote walikuwa wanamtazama Ambokile, mimi nilikuwa natazama pua yako."

Nilijishika pua. Sijui nilikuwa na umri gani wakati huo.

"Nimekulea kwa mbali," aliendelea. "Hao wangekuuliza zamani kwa nini huna gitaa hata moja. Mimi nikawa nasema mwacheni, ana kazi ya chupa. Unajua kwa nini? Kwa sababu Ufito hauwezi kushikwa na mtu anayeuamini. Atauacha juani. Atamwazima shemeji yake. Anayejua umepungua ndiye anayeulinda bila kusinzia, maana anajua kilichomo. Aliyenitangulia alinirithisha akiwa na siri yake, sijui ilikuwa ipi, lakini alikuwa nayo, niliiona mikononi mwake. Mimi ninayo. Na wewe unayo, kubwa kuliko zetu zote." Alinisogelea, nikasikia ile gundi. "Tutoke hapa. Sema umekosea. Sema uzi ulivutika. Nitalibandua daraja mbele yao, nitalisogeza, watapiga makofi, wanapenda mtu anaporudi. Na nikichoka, Ufito ni wako. Wewe wa chupa. Atupele atakuja na gitaa lake la ishirini, atakuamkia, na wewe utamchorea mstari."

Naandika haya na aibu bado iko mwilini: niliuona mstari ule. Nilimwona Atupele ameinama. Niliona watu wakinyamaza ninapopita, na kunyamaza kwao kukiwa cha heshima safari hii. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akitazama mashavu, akipewa nafasi ya kutazamwa, hupata kiu ambayo hakujua anayo. Mimi ni mbaya kama wao. Pengine ni mbaya zaidi, maana wao hawajui, na mimi nilijua na bado nilitaka.

"Je?" aliuliza.

"Ndiyo, baba," nilisema.

Alifungua mlango. Nilitarajia miaka ishirini na miwili irudi, lakini haikurudi yote. Nilitoka nikiwa nusu, na kila hatua nilihisi gauni la shule likinigusa magoti. Ukumbini msumeno ulikuwa tayari, umeshikwa na Atupele, kwa kuwa aliyemcheka mshitakiwa kwa nguvu zaidi ndiye hupewa heshima hiyo.

"Binti ana neno," Baba Asukile alitangaza.

"Aseme," walijibu.

Nilifungua mdomo. Kilichotoka hakikutosha kuzima mshumaa.

"Paza sauti!" Atupele alisema. "Au unatusemesha kama chupa zako? Zile hazijibu. Sisi tutakujibu."

"Muulizeni kwanza kama anajua kuhesabu hadi kumi na mbili."

"Mwacheni, mwacheni, anakuja. Haya, mama, kohoa kidogo."

Walicheka, na kicheko chao kilikuwa karibu cha kirafiki, kwa sababu walikwisha kujua nitasema nini. Baba Asukile alikuwa ameshika kisu cha kubandulia daraja. Alinitikisia kichwa kama mwalimu anayemsaidia mtoto kufika kwenye jibu. Neno lilikuwa mdomoni: nimekosea. Neno dogo, laini, lenye kona zote zilizokwisha kupigwa msasa. Nimelisema mara ngapi maishani kwa mambo nisiyoyakosea? Lilikuwa linatoka lenyewe. Nililishika kwa meno.

Halafu nikainua uso. Sikutazama mashavu. Nilitazama macho, ya mmoja mmoja, na yalikuwa mabaya, na hayakuniua.

"Ufito niliuchoma mimi," nilisema.

Hawakusikia. Nilisema tena, na safari hii sauti iligonga ukuta wa pili na kurudi.

"Ufito niliuchoma mimi, hapo ndani, nikiwa na miaka tisa. Nilichochea nao moto. Baba Asukile aliuona mkaa akaupiga msasa, akanyamaza. Mimi nilinyamaza. Mjomba Ambokile alikuwa anasikia kuliko ninyi wote, akaniuliza kama nasikia, nikasema sisikii kitu. Nilisikia. Nilisikia tangu mpigo wa kwanza."

"Nyamaza," Baba Asukile alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba.

"Kateni," mtu alisema. "Kateni, kateni upesi." Atupele alililaza gitaa langu sakafuni, akakanyaga shingo yake, akaweka meno ya msumeno juu ya tumbo. Alianza kukata. Mbao nyembamba hulia inapokatwa. Mlango wa Chumvi ulifunguliwa na mwanga mweupe ukaingia hadi miguuni pangu. Nilinyoosha mikono kupokea vipande, kimoja huku, kimoja huku, na nilikuwa nimebakiza jambo moja, ambalo sikuwahi kumwambia mtu, wala chupa, wala mimi mwenyewe.

"Na alipotoka kwa mlango ule," niliwaambia, "nilikuwa nimesimama pale nyuma yenu, na nilifurahi. Mjomba wangu alikuwa anaondoka na gitaa lake limekatwa, na mimi nilifurahi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama."